Konvikti "hawafi" wamenishinda kwa tangi ya lita 60, nifanye nini?

Swali: "Fundi habari. Niko Donholm, nyumba ya ghorofa. Mwezi uliopita nilinunua tangi ya lita 60 na samaki wawili wa aina ya siklidi wenye mistari myeusi, mwenye duka akaniambia hao ni konvikti, ni sugu, hawafi hata ukiwaweka kwa ndoo. Watoto wakaniomba goldifishi, nikaongeza watatu. Wawili washakufa na wa tatu hana mkia. Konvikti mkubwa anamfukuza mwenzake mpaka siku nzima amejibanza nyuma ya filta, na huyo mdogo ametokea rangi ya machungwa tumboni, sijui ni ugonjwa. Maji yalianza kunuka nikamwaga yote, nikaosha kila kitu kwa maji ya mfereji, sasa yamekuwa meupe na samaki wako juu wanapumua haraka haraka. Maji yetu leo ni ya kanju, yaani ya jiji, kesho ni ya kisima, na stima ndio hiyo unaijua. Nimwage maji yote tena ama ninunue dawa gani? Na wakizaa nitapeleka wapi watoto?"

Jibu: Kaka, fanya kwanza halafu urudi usome baadaye. Usimwage maji yote tena, na dawa achana nazo, hapo hakuna ugonjwa wa kutibu. Leo usiwape chakula na kesho pia usiwape, konvikti mzima anakaa siku kadhaa bila kula na hana neno. Toa nusu ya maji, yaani kama lita 30, urudishe mengine ambayo yametolewa klorini na joto lake linakaribiana na yale yaliyo ndani, si ya baridi moja kwa moja kutoka mfereji. Weka pampu ya hewa na jiwe lake hata kama filta inafanya kazi, mapovu yapande usiku kucha. Halafu chukua chumvi ya kawaida ya jikoni, gramu 1 kwa kila lita, kwa tangi yako ni gramu 60, ambayo ni kama vijiko 10 vya chai vya kusawazisha, iyeyushe kwenye jagi la maji ya tangi kwanza ndio uimwage kidogo kidogo kwa muda wa saa kadhaa. Hiyo chumvi si ya kuua vijidudu, kazi yake ni kwamba kloraidi iliyo ndani inashindana na nitriti kwenye matamvua ya samaki na nitriti inakosa nafasi ya kuingia kwa damu, nitakueleza nitriti ni nini hapo mbele. Goldifishi aliyebaki mtoe leo leo umweke hata kwa beseni yenye hewa, pale alipo anangoja tu zamu yake.

Kuanzia kesho badilisha kama lita 20 kila siku kwa wiki moja au mbili, na ukitoa lita 20 chumvi unayorudisha ni ya hizo 20 tu, gramu 20, usiweke ya tangi nzima kila siku maana itajumlishana. Vioo usivisugue, kokoto usizikoroge, filta usiiguse. Huo weupe kwa maji ni bakteria wanaoelea, wamezaana kwa sababu umeosha kila kitu na chakula chao bado kipo, utaisha wenyewe, na ukimwaga maji yote utarudi tena siku ya tatu kama hukufanya kitu.

Na huyo wa machungwa tumboni si mgonjwa hata kidogo, huyo ni jike. Kwa samaki wengi dume ndio anavaa rangi, kwa konvikti ni kinyume, jike ndiye anawaka tumbo na hasa akiwa tayari kutaga, dume anabaki kijivu na mistari yake lakini anakua mkubwa zaidi, mapezi ya juu na ya chini yamechongoka nyuma, na akizeeka anaota kinundu kwa paji la uso. Kwa hivyo uko na mume na mke, na hio inaeleza nusu ya vita unavyoviona. Nusu ingine ni maji.

Tuanze na maji.

Mwenye duka hakukudanganya, alikuambia nusu tu ya habari. Huyu samaki, Amatitlania nigrofasciata kwa jina la kitaalamu, ni wa Amerika ya Kati, upande wa Guatemala na El Salvador huko, kwa mito na maziwa yenye mawe, amejulikana kwa sayansi tangu 1867 na watu wamemfuga miaka mingi sana kwa sababu ya tabia zake. Anakula karibu kila kitu, anavumilia joto kutoka nyuzi 20 mpaka karibu 30, anaweza pH, yaani kipimo cha asidi kwa maji, ya 6.5 na anaweza ya 8, anazaa bila kubembelezwa, na ukimweka na samaki mkubwa kumliko hapigi magoti. Huo ndio usugu wake. Lakini matamvua yake ni matamvua tu kama ya samaki wengine, amonia, ile sumu inayotoka kwa uchafu wa samaki wenyewe, ikiingia kwa maji yanaungua vilevile, tofauti ni kwamba goldifishi wako wamekufa mbele yake na yeye atakufa baadaye kidogo, na hapo ndio watu wengi wanapotea kwa sababu wanaona konvikti bado anaogelea wanasema basi maji ni mazuri.

Ukitaka siklidi sugu kweli kweli hatoki Amerika, yuko hapa kwetu Magadi. Siklidi ni familia kubwa, wewe unaijua hata kama hukuwa unajua unaijua, tilapia wa kula na ugali ni siklidi, ngege ni siklidi, fulu wa Ziwa Victoria ni siklidi. Sasa kule Magadi kuna katilapia kadogo, Alcolapia grahami, kanaishi kwenye chemchemi za kando ya ziwa, maji pH yake karibu 10 na sehemu zingine joto linapita nyuzi 40, maji ambayo konvikti wako angemaliza dakika chache tu. Kanaweza kwa sababu mwili wake umebadilisha mpango mzima, samaki karibu wote hutoa uchafu wao kama amonia kupitia matamvua, haka kanatoa urea, kwa sababu kwa pH ile amonia ingekwama mwilini isitoke. Yaani ili samaki aishi bila kusumbuliwa na amonia kwa maji makali ilibidi awe samaki wa aina ingine kabisa. Konvikti hana huo ujanja, kwa hivyo hio kazi ya kuondoa amonia inabaki kuwa ya filta, na filta yako kwa sasa ni plastiki na sponji tu, haina uhai.

Filta si chujio la uchafu peke yake. Ndani ya sponji kuna bakteria wa aina mbili hivi, wa kwanza wanakula amonia wanaigeuza nitriti, ambayo bado ni sumu, inafanya damu ishindwe kubeba oksijeni hata kama oksijeni iko kwa maji, na ndio maana samaki anahema juu. Wa pili wanakula nitriti wanaigeuza nitreti, ambayo kwa kiasi kidogo haina shida na unaiondoa kwa kubadilisha maji ya wiki. Hao bakteria hawaji na boksi la filta kutoka dukani. Wanakuja polepole wenyewe, wiki nne mpaka sita, kwa baridi hata zaidi, na wanakaa wameshikilia sponji, kokoto na vioo, kwa maji yenyewe ni wachache sana. Sasa wewe ulichofanya, ulianzisha tangi na samaki watano siku zilizofuatana, bakteria ndio wanaanza anza kuota, harufu ikaja, ukaosha kila mahali na maji ya mfereji yenye klorini, na kazi ya klorini ni hio hio ya kuua bakteria. Ukarudi mwanzo na samaki wako ndani. Sponji inaoshwa, ndio, lakini kwenye ndoo yenye maji uliyoyatoa kwa tangi, unaikamua mara mbili tatu inatosha, ikibaki kahawia hio ndio tunataka.

Kama kuna rafiki ako na tangi ya zamani yenye afya, muombe kipande cha sponji yake hata ukubwa wa kiganja, kibebe kikiwa kimelowa maji ya kwake, kisikauke njiani na kisikae kwa jua la matatu, ukiingize ndani ya filta yako siku hiyo hiyo. Hio inakata wiki kadhaa za kungoja. Ni bora kuliko chupa yoyote ya bakteria utakayouziwa, na haigharimu kitu zaidi ya chai ya huyo rafiki.

Nunua pia vya kupimia maji, vile vya matone, si lazima kila kipimo duniani, amonia, nitriti na pH vitakutosha. Amonia na nitriti zote unataka sifuri. Nitreti ikiwa chini ya miligramu 40 kwa lita konvikti hawana malalamiko.

Na hapo kwa pH ndio kuna kitu ambacho watu wa Nairobi wengi hawakitilii maanani, na nafikiri ndicho kilichomaliza goldifishi wako zaidi ya kung'atwa. Umesema maji yenu leo ni ya kanju kesho ni ya kisima. Hayo si maji mamoja. Maji ya kanju mengi yanatoka milima ya Aberdare, Ndakaini na Sasumua huko, ni maji laini, madini kidogo. Maji ya visima vya Nairobi yamekaa chini kwenye mawe ya volkano muda mrefu, mara nyingi yana floraidi nyingi kupita ile miligramu 1.5 kwa lita ya maji ya kunywa, yana baikaboneti nyingi ya sodiamu na pH yake iko juu. Na kwa ghorofa nyingi mwenye nyumba anajaza hayo yote mawili kwa tangi moja jeusi pale juu ya paa, wewe ukifungua mfereji hujui leo umepata gani.

Kwa nini nakusumbua na hii? Amonia iko na sura mbili ndani ya maji, moja haina ukali sana na ingine ndio sumu yenyewe, na kinachoamua ni ngapi iko sura gani ni pH, na joto kidogo. Maji yakiwa nyuzi 25 na pH ni 7, ile sumu ni karibu nusu asilimia tu ya amonia yote. pH ikifika 8 inakuwa kama asilimia 5. Ikifika 9 inapita theluthi moja. Kwa hivyo tangi inaweza kuwa na amonia ile ile ya jana, hujalisha zaidi, hujaongeza samaki, umebadilisha tu maji ukitafuta usafi, ukaweka ya kisima kumbe pH imepanda, na asubuhi unakuta mtu amelala chali. Halafu unasema maji mapya yameua samaki, na kwa njia fulani ni kweli.

Dawa yake si kubadilisha pH na makemikali ya chupa, hapana, hizo chupa za kushusha na kupandisha pH ziache dukani, zinayumbisha maji huku na huku na samaki anaumizwa na kuyumba kuliko namba yenyewe. Chagua chanzo kimoja ukae nacho. Konvikti anaishi vizuri kwa maji ya kanju na anaishi vizuri kwa ya kisima yenye pH ya 8 hivi akizoea, asichotaka ni Jumatatu hivi Alhamisi vile. Nunua ndoo mbili tatu za lita 20 zenye mfuniko, siku maji ya kanju yako kwa laini uliza caretaker, atakuambia, unajaza unaweka. Kabla ya kumwaga kwa tangi pima pH ya ndoo na ya tangi, zikipishana nusu hivi hakuna noma, zikipishana moja nzima weka kidogo kidogo siku mbili tatu. Ya bauza, yale ya lori, pia usiyaamini kwa macho, mengi ni ya kisima hata kama dereva anaapa.

Klorini ya kawaida inatoka ukiacha ndoo wazi siku nzima, na ukitia jiwe la hewa ndani inatoka haraka zaidi. Kama una haraka, matone ya kuondoa klorini yanauzwa kila duka la samaki na yanafanya kazi kwa dakika. Baada ya mgao, maji yakirudi, yale ya kwanza ya kahawia na yenye kunuka klorini usiyachukue kabisa, acha yatembee, oshea nayo choo.

Ukishapita huu msukosuko, ratiba ni rahisi, robo ya maji kila wiki, ukikosa wiki moja hakuna mtu atakufa, ukikosa mwezi mzima na maji yako ni yale laini ya kanju hapo kuna jambo, kwa sababu bakteria wakifanya kazi wanatoa asidi na maji laini hayana cha kuizuia, pH inaanza kuteremka pole pole mpaka bakteria wenyewe wanalala. Ukiona pH inashuka kila wiki, weka kimfuko cha ile chokaa ya mawe ya kulishia kuku kutoka agrovet, iliyo ya chembe chembe si ya unga, ndani ya filta, ioshe kwanza vumbi liishe. Kiganja kimoja kwa tangi kubwa kinatosha.

Hewa sasa. Nairobi iko karibu mita 1,700 juu ya bahari na mgandamizo wa hewa hapa ni kama asilimia 82 ya ule wa Mombasa, kwa hivyo hata oksijeni inayoweza kuyeyuka ndani ya maji inapungua kwa kiasi hicho hicho. Maji ya nyuzi 26 Mombasa yanashika kama miligramu 8 za oksijeni kwa lita, hapa Donholm ni kama 6.6. Vitabu na video nyingi zimetengenezwa na watu wanaokaa chini karibu na bahari, wakikuambia jiwe la hewa ni pambo wewe usiwasikilize. Na ndio maana pia stima ikipotea sisi huku tunabaki na nafasi ndogo zaidi.

Stima ikienda, jambo la kwanza ni kutolisha. Chakula ni amonia ya kesho. Kuna vipampu vidogo vya hewa vinavyotumia USB, volti 5, unachomeka kwa pawabanki ile ile ya simu na inakupeleka masaa mengi, nunua moja kabla ya kununua mapambo yoyote. Vizuri zaidi filta yako iwe ya sponji inayoendeshwa na hewa, maana hapo pawabanki inaendesha filta na hewa kwa pamoja na bakteria hawakosi pumzi. Kama ni filta ya mkebe iliyofungwa, stima ikikaa masaa mengi bakteria ndani wanaanza kufa na kuoza, ikirudi usiiache iwake yenyewe ikatapika uchafu wote kwa tangi, ifungue, imwage, suuza na maji ya tangi ndio uiwashe.

Baridi. Julai nyumba zetu usiku zinashuka mpaka nyuzi 17, 18, na konvikti akikaa hapo muda mrefu anapoa, hali, kinga inalala, halafu unaona vidoa vyeupe kama chembe za chumvi. Hita ya wati 100 kwa tangi ya lita 100 na kidogo inatosha, weka nyuzi 25. Najua utauliza tokeni za stima, basi hesabu, wati 100 ikifanya kazi nusu ya siku ni uniti 1.2 kwa siku, miezi ya joto itakuwa inawaka kidogo tu. Pampu ya wati 10 usiku na mchana haifiki hata robo uniti. Na tafadhali chomoa hita kwa soketi kabla ya kutoa maji, ikibaki hewani ikiwa moto kioo chake kinapasuka, na ukirudisha mkono kwa maji hapo ndio habari ingine kabisa.

Sasa vita. Lita 60 kwa jozi ya konvikti wanaokua ni ndogo, dume anaweza kupita sentimita 10 na hata kufika 12 na zaidi, na jozi ikiamua kona moja ni yake ya kutagia basi kwa tangi ya sentimita 60 kila mahali ni kona hiyo. Goldifishi hakuwa na nafasi toka siku ya kwanza, ni mpole, ni mzito, mkia wake unapepea mbele ya mtu anayetafuta sababu, tena anapenda maji ya baridi na anachafua kuliko ukubwa wake. Wape watoto tangi yao, au muelezane ukweli.

Kwa sasa okoa jike. Vunja chungu cha maua cha udongo kati kati, vile vya barabarani ambavyo havijapakwa rangi, weka nusu moja kila upande. Ongeza vipande vya bomba la PVC, kimoja kiwe chembamba ambacho jike anaingia na dume haingii, hicho ndicho muhimu. Panga mawe na hivyo vyungu vikate macho, yaani dume akiwa upande huu asimwone jike aliye upande ule, fujo nyingi zinakwisha kwa kutoonana tu. Akiwa ashachanika mapezi, gawanya tangi kwa siku kadhaa na kipande cha plastiki chenye matundu, wanaonana lakini hawagusani. Wakiunganishwa tena akaendelea kumpiga bila kupumzika, hao hawajapatana na hawatapatana, rudisha mmoja dukani.

Ukiamua kuwafuga vizuri tafuta tangi ya 90 kwa 40 kwa 40, hio ni lita 144. Fundi wa vioo anaweza kukukatia, muambie kioo cha milimita 6 na mikanda juu, au 8 ukitaka kulala bila mawazo, na silikoni iwe ile ya kawaida inayonuka siki, isiyo na dawa ya kuzuia kuvu, iyo dawa inaua samaki. Iache ikauke wiki, ijaze ikiwa bafuni siku mbili uone kama inavuja, ndio uilete sebuleni. Ikijaa na kokoto na stendi inakaribia kilo 200, kwa hivyo kabati la TV halifai, peleka vipimo kwa wachomeleaji wa jua kali wakutengenezee stendi ya chuma, na uiweke kando ya ukuta si katikati ya sakafu. Hapo ndani jozi moja peke yake. Watu watakuambia ongeza hiki na kile, mimi nakuambia jozi peke yake, utaona tabia ambazo kwa tangi ya mchanganyiko hutaziona kamwe.

Chakula hakina hadithi ndefu. Tembe ndogo za siklidi mara mbili kwa siku, zile wanazomaliza kwa dakika moja mbili, na mara moja kwa wiki minji ya kuchemsha iliyotolewa ganda au kipande cha spinachi. Omena kavu iliyosagwa unaweza kuwapa mara moja moja, ichuje vumbi na mchanga kwanza, lakini inachafua maji haraka. Mkate hapana, ugali hapana, hata kama wanaukimbilia.

Watoto sasa, maana na jike wa tumbo hilo hutangoja sana. Watataga ndani ya chungu, mayai mia moja mpaka mia tatu hivi, yanaanguliwa kama siku ya tatu kwa maji ya joto, vinabaki vimelala chini vikila kiini chao siku kadhaa ndio vinaanza kuogelea kama kundi. Wazazi wote wawili wanalinda, dume anazunguka mipaka, jike anakaa na wadogo, anawachukua kwa mdomo waliopotea na kuwatema kundini, mkono wako ukiingia utang'atwa na usiwalaumu. Wakati huo usitoe maji mengi kwa mpigo, funika mdomo wa filta na soksi nyembamba ama sponji, na uwape tembe zilizosagwa mpaka ziwe unga. Kutaga kwa mara ya kwanza mara nyingi wanakula mayai yote wenyewe, kwa jozi changa ni kawaida.

Ukishaona wanakuzidi, toa vyungu na mapango yote, wakikosa pa kutagia watapunguza, na shusha joto mpaka 22 au 23. Waliobaki wakuze mpaka sentimita 3 hivi ndio duka likubali, na uulize kabla hujawakuza, kwa sababu maduka mengi yamejaa konvikti na watakuchukulia kwa kubadilishana na chakula, si kwa pesa. Kitu kimoja tu sitaki kusikia ni kwamba umewamwaga mtoni au Nairobi Dam kwa huruma. Hawa washatorokea maji ya Australia na Hawaii na wamekaa huko moja kwa moja, na sisi wa upande huu tayari tuliona mbuta, yaani sangara, alivyoletwa Ziwa Victoria miaka ya 1950 na mamia ya aina za fulu zikapotea. Kama huna wa kumpa, tenganisha dume na jike sasa hivi kabla ya mayai, ile tangi ya lita 60 inamtosha jike mmoja peke yake vizuri tu.

Nitumie namba za amonia, nitriti na pH ukishapima, za tangi na za ndoo ya kila aina ya maji, ndio nikuambie ni siku ngapi zaidi utabadilisha zile lita 20.